Mzigo Uliolala na Mbegu

Pale Madibira, ukitaka kitu chako kisipotee ulikuwa unakipeleka kwa Verediana, basi. Suti ya harusi ya mtu anayekwenda machimboni, ngoma za kwaya ya kigango enzi zile kanisa halina mlango, hati ya shamba la ndugu wawili wasioaminiana, vyote vimewahi kupita mikononi mwa mama yule. Na alikuwa na mdomo huyo! Ukimletea kitu anakukagua kwanza wewe mwenyewe. "Umeoga lakini? Maana sijui kinachonuka ni mfuko au ni wewe." Halafu anakipokea kwa mikono miwili, anakiweka, na siku ukirudi unakikuta vilevile, tena kimefutwa vumbi.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeletewa mzigo ule. Na aliyeuleta hakuwa mpita njia. Alikuwa Sosthenes, mdogo wake wa tumbo moja. Muda wote ambao Verediana alilala hospitali kule Mbeya, nywele zimemtoka upande mmoja na bega limefungwa bandeji, daktari alikuwa anamuuliza maumivu na askari anamuuliza habari, lakini yeye alikuwa na swali lake moja tu. Sosthenes alijua alichokuwa anamletea, au hakujua? Kama hakujua, angemsamehe siku hiyohiyo. Hayo mengine yote aliona yanavumilika.

Ili uelewe kwa nini, lazima ujue walikotoka. Walizaliwa kijiji kimoja huko Ifunda, Iringa, na mama yao alifariki Sosthenes hajaacha ziwa. Baba yao aliuchukua msiba ule akaupeleka kilabuni kwenye pombe ya ulanzi, akabaki nao hukohuko. Verediana alikuwa darasa la tano. Hakuna aliyemwambia aache shule. Aliacha mwenyewe, kwa sababu mtoto alikuwa analia na hapakuwa na mwingine wa kumbeba. Akamfunga mgongoni na kitenge cha marehemu, akaenda naye shamba, akaenda naye mtoni, akaenda naye hadi kwenye mafundisho ya kipaimara, katekista akachukia, na yeye akamjibu katekista mbele ya watu, "Basi mshike wewe nisome."

Alipokuja kuchumbiwa na Aroni, mkulima wa mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji ya Madibira, alimwekea sharti moja. "Ukinioa mimi, umeoa na huyu." Aroni alikuwa mwanamume mpole, Mungu amrehemu, akacheka akakubali. Ndiyo Sosthenes akakulia Madibira, akasomeshwa kwa mpunga wa dada yake mpaka kidato cha nne. Verediana mwenyewe hakujaliwa mtoto. Watu walipomsema pembeni alikuwa anawakata kauli: "Mtoto ninaye, ana ndevu." Aroni akafa, Sosthenes akahamia Iringa mjini, akaoa mke anaitwa Esnath, akapata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda kimoja cha zamani kilichofungwa upande wa Mafinga. Akawazaa Blessing na Frida. Na hao mabinti wawili, kila likizo ya mwezi wa sita, walikuwa wa shangazi yao.

Likizo hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Mpunga wa kwanza kuvunwa Verediana hakuupeleka mashine. Aliutwanga kwa mikono yake kwenye kinu, akaupika, na sahani ya kwanza ililiwa na Blessing na Frida. Yeye hakuonja mchele mpya kabla yao, hata kidogo, hata kwa kisingizio cha kuangalia chumvi. Jirani yake Damari alikuwa anamtania, "Siku wakichelewa basi utakufa njaa, mama wewe." Naye anajibu, "Nife, lakini sionji."

Jambo la pili ni mbegu. Akina mama wengi wa pale mbegu ya msimu ujao hawaiweki stoo. Stoo ina panya, ina wezi, na mwezi wa kwanza njaa ikibana stoo ina vishawishi. Gunia la mbegu linalala chumbani, ubavuni mwa kitanda, upande wa kichwani, na haliguswi. Mgeni hakalii, mtoto haegemei. Kwa Verediana, kitu kikishaingia kwenye gunia la mbegu kimefika mahali salama kuliko pote. Cheti cha kidato cha nne cha Sosthenes kililala humo miaka mingi, na Sosthenes alipajua mahali hapo kuliko alivyojua sala ya Baba Yetu.

Basi, mavuno yalikuwa yanaisha. Verediana ameshachagua mbegu yake, ameianika, ameifunga. Mchana mmoja bodaboda ikasimama nje, Sosthenes akashuka akiwa amekumbatia kitu ndani ya kiroba kama mtu aliyebeba mbuzi mgonjwa.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, baba. Ala! Umekuwa mwembamba hivyo, Esnath anakulisha nini, matangazo ya redio?"

Hakucheka. Hilo lilimgusa Verediana, maana Sosthenes ni mtu wa kucheka. Alikiweka kiroba chini, mbali kidogo na benchi, kisha akakaa mwisho kabisa wa benchi. Akasema ni kifaa cha pampu, cha bosi wake wa zamani, kuna ugomvi wa umiliki kule kiwandani, ameombwa akihifadhi mpaka mnunuzi kutoka Tunduma afike. Dada asikifungue. Asimwambie mtu.

Verediana alikifungua palepale mbele yake, alivyo huyo! Akakuta dude la chuma la kijivu, mfano wa chungu chenye shingo, zito ajabu. Shingoni kulikuwa na kifuniko kidogo kilichovunjika. Ubavuni palikuwa pamekwanguliwa kwa tupa, juzijuzi tu, chuma kinang'aa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kutu," akasema Sosthenes. "Funga, dada. Kiweke kule stoo ya nje, nyuma ya majembe."

"Kitu chako nikakiweke na majembe? Tangu lini?"

Sosthenes akainuka. Alikataa chakula. Alikataa kulala, ati ana haraka ya kuwahi basi Mafinga. Verediana akamsindikiza kwa maneno mpaka pikipiki ikapotea, kisha akalibeba lile dude kwa mikono miwili, akalisukumia ndani ya gunia la mbegu, shingo imeelekea kitandani, akafunga kamba. Alilala pembeni yake siku ile, na siku zilizofuata, roho yake imetulia kabisa kwamba kitu cha mdogo wake kiko salama.

Baada ya siku chache Sosthenes akapiga simu. Akauliza mambo ya mvua na mpunga, akazunguka, halafu akauliza kama kile kitu kiko stoo.

"Stoo ya nini? Nimekiweka kwenye mbegu. Kiko hapa kichwani pangu kama cheti chako."

Simu ikawa kimya. Verediana akadhani mtandao umekata, akaitazama. Sekunde zilikuwa zinaendelea kuhesabu.

"Sosthe? Upo?"

"Sawa, dada," Sosthenes akasema. "Sawa."

Na yeye Verediana, mjinga wa mapenzi, akafuta machozi kwa upande wa kitenge. Alidhani mdogo wake amekumbuka cheti chake, ameguswa.

Mwezi wa sita ukaingia. Verediana akatwanga mpunga wa kwanza, akaweka maziwa yagande, akamwagiza mvuvi kambale. Watoto hawakuja. Esnath alituma ujumbe kwamba kuna masomo ya ziada shuleni mwaka huu, labda baadaye. Verediana alikasirika, akaitukana shule nzima kuanzia mwalimu mkuu hadi mpiga kengele, akaufunika ule mchele kwenye ungo akisubiri. Mwaka ule hakuonja mchele mpya. Alikula ugali katikati ya mavuno yake mwenyewe, na Damari akamcheka mpaka akachoka.

Lakini hata ugali ukaanza kumshinda. Alianza kwa kutapika asubuhi. Damari akamtania kwamba amepata mimba ya uzeeni. Kisha mwili ukaisha nguvu, akawa anakaa katikati ya kufagia. Zahanati wakapima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya taifodi, haikusaidia. Halafu siku moja akajifunga kilemba na kuona nywele zimebaki mkononi, shungi zima, upande wa kushoto tu. Sikio la kushoto likawa jekundu na kuwasha, bega likafanya malengelenge kama la mtu aliyemwagiwa chai. Hapo ndipo midomo ilipoanza. Wengine wakasema ni ule ugonjwa mkubwa, anaficha. Wengine wakasema amerogwa na ndugu wa marehemu kwa ajili ya shamba. Watu bwana! Waliokuwa wamehifadhi vitu vyao kwake wakaja mmoja mmoja kuvichukua, wanapokelea mlangoni, hawataki kukaa.

Sosthenes alipiga simu mara moja katika kipindi hicho. Verediana akamweleza ugonjwa wote, hadi nywele. Sosthenes akasema atatuma kitu cha kununulia matunda, akakata.

Ukweli ulifika na magari. Sosthenes alikuwa amekamatwa Tunduma, nyumba ya wageni, na wenzake wawili. Mnunuzi waliyekuwa wanambembeleza kwa picha za simu, wakimwahidi mali ya hatari isiyopatikana kirahisi, alikuwa askari. Sosthenes alipobanwa akataja mahali mzigo ulipo. Wakaja polisi, na mtaalamu mmoja wa mionzi, kijana mtaratibu jina lake Sedekia, kashika kidude kinacholia. Nje kidude kililia kidogo. Mlangoni kikazidi. Chumbani kikalia mfululizo bila kupumua, na Sedekia akamshika Verediana mkono akamtoa nje haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

"Mama, unalala humo?"

"Nilale wapi, kwako?"

Sedekia alimweleza yote baadaye, hospitali, akiwa amekaa kwenye kiti bila kuvaa chochote cha ajabu, na Verediana alimpenda kwa hilo. Kile kifaa zamani kilikuwa kinapima tangi la kiwanda limejaa kiasi gani. Ndani yake kuna kipande kidogo tu, hakizidi punje chache za mpunga. Hakina harufu, hakina moto, hakina sauti. Kinatoa mionzi mchana na usiku. Chuma kile kizito ndicho kinachoizuia, na pale shingoni pana mlango wake mdogo. Wakati wa kuking'oa kwenye tangi mlango ulivunjika, na ule upande uliovunjika ndio ulioelekea kichwani kwake. Nyumba ni salama, akasema, mpunga ni salama, mionzi haiachi kitu nyuma. Mwili wake ndio uliopokea.

"Na hao wanaokinunua wanakitakia nini?"

"Wengi hawanunui, mama. Wanadanganyana. Mtu anasikia kitu hiki kina utajiri, anaiba. Mwingine anajifanya dalali, wa tatu anajifanya tajiri wa nje. Kinazungushwa kwenye mabasi, chini ya viti vya watu, kwenye nyumba za wageni. Na yule mmoja anayekitaka kweli, anakitaka ili atie hofu mji mzima. Hao ndio wabaya kuliko wote. Lakini kabla hakijafika kwake, kinakuwa kimeshaunguza watu njiani."

"Hakina harufu, hakina moto," Verediana akasema. "Sasa Sosthenes angejuaje? Mlinzi wa geti yule!"

Sedekia akasema, "Vifaa hivi huwa na alama, mama. Ya njano, na maandishi ya hatari. Hiki kilikwanguliwa."

"Wamekwangua hao wa Tunduma."

Sedekia hakubishana. Na Verediana akaishikilia kauli hiyo kwa meno. Akamwambia muuguzi, akamwambia Damari aliyekuja kumtembelea, akamwambia padre aliyekuja kumkomunisha. Hakujua. Mtoto yule nimemlea mwenyewe, namjua hata kikohozi chake. Damari alikuwa anaangalia dirishani mazungumzo yakifika hapo. Daktari alikuwa amesema damu yake inajaribu kurudi, bega litahitaji kukatwa nyama na kuwekwa nyingine, sikio halitapona vizuri. Yote hayo Verediana aliyasikiliza kama taarifa ya hali ya hewa. Askari mpelelezi alikuwa anakuja kesho yake kuchukua maelezo rasmi, na maelezo yenyewe ameshayapanga kichwani.

Asubuhi ya siku hiyo Esnath akaingia wodini na chupa ya uji. Alikuwa amesafiri kutoka Iringa, macho yamevimba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalia kwanza, na Verediana akampapasa kichwa kwa mkono ule mzima.

"Wifi, nimekuja kukuomba. Wakili anasema neno lako ndilo litakalosaidia. Ukisema hakujua kama ni kitu cha hatari..."

"Si ndicho ninachokisema kila siku mpaka koo limekauka? Hakujua. Inuka hapo sakafuni, unachafua nguo."

Ahueni aliyoipata Esnath, mwanamke yule! Akainuka, akakaa, akamimina uji, na mdomo ukafunguka wenyewe. "Mungu akubariki, wifi. Maana watu wanamsema kama mnyama, kama hana roho. Roho anayo! Angekuwa mtu mbaya si angewaacha hata watoto waje? Tulikuwa tumeshawakatia tiketi, Blessing ameshafunga begi. Akasema hapana, kwa shangazi hawaendi mpaka kile kitu kitoke, hawezi kuihatarisha damu yake. Frida alilia siku nzima, na yeye akakataa katakata. Ana upendo, wifi, ni vile tu..."

Kikombe cha uji kilikuwa hewani.

Verediana alikuwa anamwangalia Esnath mdomoni, kana kwamba maneno yangeweza kurudishwa humo.

"Alisema lini hayo?"

"Wifi..."

"Nakuuliza lini, Esnath."

"Siku ile... alipokupigia simu. Ukamwambia umekiweka kwenye mbegu." Esnath alikuwa anaongea na uji sasa. "Alipokata alikaa chini. Hakula siku ile. Nikamwambia mpigie tena dada, mwambie akitoe. Akasema ukiuliza kwa nini atakujibu nini, utapiga kelele kijiji kizima kijue, na mnunuzi yuko karibu kupatikana. Akasema ni siku chache tu. Nilimwambia, wifi, haki ya Mungu nilimwambia."

"Namba yangu hukuwa nayo wewe?"

Esnath akaanza kulia upya, na safari hii hakuna mkono uliompapasa.

Uchungu ule, sijui uuite nini. Bega lilikuwa limemuuma wiki nyingi na hakuwahi kupiga kelele. Sasa aliuma shuka. Aliikumbuka simu ile, sekunde zikihesabu, yeye akifuta machozi kwa furaha. Kumbe wakati ule mwenzake alikuwa anapima. Blessing na Frida upande mmoja, yeye upande mwingine pamoja na lile dude. Akapima, akaona dada anaweza kubaki. "Nilimbeba mgongoni," akasema, hakuwa anamwambia Esnath. "Nilimbeba mgongoni mtoto yule, na yeye akaniacha nalala nacho."

Mpelelezi akaingia, mtu mzima mwenye adabu, akaomba Esnath asubiri mlangoni. Akavuta kiti, akasalimia, akauliza kama mgonjwa ana nguvu za kuongea.

"Ninazo," akasema Verediana.

Akaeleza kuanzia bodaboda. Akaeleza kiroba kilivyowekwa mbali na benchi, chakula kilivyokataliwa, stoo ya nje, mahali palipokwanguliwa na neno kutu. Mpelelezi alipouliza kama mtuhumiwa alijua mzigo umewekwa wapi, Verediana alitazama dari. Kisha akaeleza simu. Akaeleza hadi ule ukimya. Akasema neno alilojibiwa, "Sawa, dada," akaomba maji, akanywa, akarudia ili liandikwe vizuri.

"Kwa hiyo, mama, kwa maoni yako alijua?"

"Alijua," akasema. "Andika alijua. Na uandike mimi ni dada yake."

Akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa, maana mkono wa kushoto ndio aliozoea kuandikia na bega halikumruhusu. Mpelelezi akashukuru, akatoka. Esnath alikuwa bado amesimama mlangoni, kitenge mdomoni. Alikuwa amesikia yote. Aligeuka aondoke, na Verediana akamwita.

"Chupa yako ya uji hii, usiisahau." Esnath akarudi kuichukua bila kuinua macho. Verediana akamshika mkono, akaubana. "Mwezi wa sita ukifika uwalete watoto, kama bado nitakuwepo. Mchele nitaomba kwa Damari, wangu watu wanauogopa, wanadhani una mionzi. Waje walale kwangu. Mzigo umeshatoka."